Mbwa mwenye aleji na nyama mbichi: nianze na mnyama gani?

Baba Simba (Tegeta)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaojua, maana mtaani kila mtu ana lake.

Mbwa anaitwa Simba, ni German Shepherd dume, miaka 4, kilo 32. Anajikuna mwaka mzima, masika na kiangazi sawasawa. Analamba nyayo mpaka manyoya ya katikati ya vidole yamekuwa rangi ya kutu. Masikio yote mawili yana uchafu wa kahawia unaonuka, anaburuza makalio sakafuni, na choo anapata mara nne kwa siku, laini. Chakula chake ni ugali wa dona na mapupu ya ng'ombe au vichwa vya kuku, vyote vimechemshwa. Mara mojamoja anapata chakula kikavu cha dukani chenye ladha ya kuku. Mwaka huu amechomwa sindano ya muwasho mara tatu: anatulia wiki nne au tano, halafu inarudi palepale.

Nimeambiwa nimhamishie kwenye nyama mbichi ataisahau aleji. Bucha la jirani lina ng'ombe, mbuzi na kuku. Nianze na ipi? Kiasi gani kwa siku? Mifupa na maini vipi? Na ni kweli kwamba nyama ikiwa mbichi aleji inakwisha?

Kwato na Manyoya

Pole mkuu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Hapana, si kweli. Aleji ya chakula ni mwili kugombana na protini ya kitu fulani, na protini ya ng'ombe ni ya ng'ombe tu, iwe imechemshwa, imechomwa au bado inavuja damu. Mbwa anayemkataa ng'ombe aliyepikwa atamkataa na akiwa mbichi.

Wanaosema "nilimpa mbichi akapona" mara nyingi walibadilisha vitu vitatu kwa mpigo bila kujua: waliacha kuku, waliacha ngano, na waliacha ule mfuko wa chakula kikavu uliokaa wazi stoo miezi miwili ukazaa utitiri wa ghalani. Utitiri huo huuoni kwa macho, na wenyewe peke yake huwasha mbwa wengi. Mbwa akitulia, sifa zote anapewa ubichi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mnyama gani. Mbichi au ya kupikwa ni swali la pili.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba kati ya mbwa waliothibitika kuwa na aleji ya chakula, ng'ombe alihusika kwa asilimia 34 hivi, maziwa 17, kuku 15, ngano 13, kondoo 5. Simba wako amekulia juu ya namba moja na namba tatu. Huo si ushahidi kwamba ndivyo vinavyomsumbua, ila vyote viwili vitoke kabisa.

Mbuzi nisingeanza naye. Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni ukoo mmoja, protini zao zinafanana kiasi kwamba mwili uliozoea kupigana na mmoja unaweza kumrukia mwenzake. Si kila mbwa, lakini ukimtumia mbuzi na muwasho ukabaki, hutajua kama chakula hakina kosa au kama mbuzi amelipia deni la ng'ombe. Hivyohivyo kuku na bata, kware na bata mzinga. Unataka mnyama ambaye mbwa hajawahi kumla na ambaye hana undugu na aliowala. Kwa mazingira yetu ni sungura. Wa pili ni nguruwe kama hajawahi kuonja kitimoto, ila huyo apikwe, mbichi usiguse. Samaki anafaa ikiwa dagaa hawajawahi kuingia kwenye ugali wake. Kwa mbwa wa Dar hilo ni gumu kuliapia. Samaki naye apikwe: baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto unakimaliza.

Kabla hujanunua hata kilo moja, kuna kazi ya ngozi. Viroboto hupenda kiuno na shina la mkia. Wadudu wa upele hupenda ncha za masikio na viwiko, na mara nyingi hata watu wa nyumbani huanza kujikuna. Unayoeleza wewe, yaani nyayo, masikio na makalio pamoja na choo cha mara nne, yanaelekea chakula au vumbi, lakini daktari akwangue ngozi aangalie kwenye darubini, na viroboto wazuiwe kwa dawa ya kupaka mgongoni kipindi chote. Usimwogeshe dawa ya josho la ng'ombe kwa kukadiria kwa kifuniko. Masikio yachukuliwe sampuli kwa pamba: kama kuna fangasi au bakteria watibiwe kwanza. Hapa ndipo majaribio mengi ya chakula yanapofia. Chakula kimebadilika vizuri, ila ngozi bado ina bakteria, mbwa anaendelea kujikuna, mwenyewe anakata tamaa wiki ya tatu.

Na hiyo sindano. Kwa jinsi unavyoeleza, wiki nne au tano za utulivu, hiyo ni steroidi ya muda mrefu, dawa ya kuzima uvimbe na muwasho. Ukianza chakula leo wakati sindano bado inafanya kazi, utakisifia chakula kwa kazi ya sindano. Subiri iishe. Kama muwasho ni mkali mno, mwombe daktari vidonge vya prednisoloni vya muda mfupi mwanzoni, kisha viachwe, na angalau wiki mbili za mwisho za jaribio mbwa awe hana steroidi yoyote mwilini.

Bingwa wa Majibwa

Mnazunguka mno. Mbwa asili yake ni mbwa mwitu, mpe nyama mbichi ya aina zote achanganye, mwili utajichagulia. Au achukuliwe kipimo cha damu cha aleji, siku tatu una jibu.

Kwato na Manyoya

Ukichanganya aina zote hutajua kamwe ni ipi. Na kipimo cha damu kwa aleji ya chakula cha mbwa hakiaminiki, cha mate na cha nywele ndiyo kabisa: mbwa mzima wa afya anaweza kutoka na orodha ya vyakula kumi "vilivyokatazwa". Damu ina kazi yake kwenye aleji ya vumbi na chavua, baada ya chakula kuondolewa kwenye mashaka. Kwa chakula, kipimo ni bakuli lenyewe, wiki nane. Zaidi ya mbwa tisa kati ya kumi wenye aleji ya chakula huwa wameonyesha nafuu kufikia wiki ya nane. Ukiacha wiki ya nne unawakosa wengi. Tumbo hutangulia, mara nyingi ndani ya wiki mbili choo kinashika na kupungua idadi. Ngozi huja nyuma.

Sungura wa Kiambu

Salamu kutoka huku Kenya. Nisaidie kwa upande wa hesabu, kwa kuwa watu huanza na sungura wawili kwenye friji na wiki ya pili wanarudi kwa mapupu.

Mbwa mzima hula kama asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku akiwa kwa nyama mbichi. Chukua 2.5: kilo 32 ni gramu 800 kwa siku, kilo 5.6 kwa wiki, karibu kilo 45 kwa wiki nane. Sungura wa New Zealand White au Californian wa kilo 2.5 hadi 3 akiwa hai hubaki na kilo 1.3 hadi 1.6 baada ya kuchunwa na kutolewa matumbo. Piga kwa 1.4: wanne kwa wiki, thelathini na wawili kwa jaribio zima. Ongea na mfugaji mmoja mapema akutengee. Ukinunua hapa na pale utakwama katikati, na ukikwama utamjazia kuku "kwa leo tu".

Sungura hana mafuta mengi. Gramu 800 zake na mifupa ndani hazifiki kalori anazohitaji mbwa wa kilo 32, atakonda. Ongeza gramu 250 za viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, pamoja na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya alizeti. Alizeti ndiyo ninayosisitiza, si nazi. Ngozi ya mbwa inahitaji asidi ya linoleiki, aina mojawapo ya mafuta. Alizeti ya kawaida imejaa, mafuta ya nazi karibu hayana. Mbwa asiyepata mafuta hayo anakuwa na manyoya makavu na mba, na mwenyewe anasema "aleji imezidi". Mpime kila wiki. Akipungua zaidi ya nusu kilo kwa wiki mbili, ongeza nyama gramu 100.

Sungura mzima anakuja na vifaa vyake. Ini lake lina kama gramu 60 hadi 80, kwa hiyo maini ya sungura wanne kwa wiki ni karibu asilimia 5 ya chakula, na hapo ndipo pa kusimama. Usinunue maini ya ng'ombe kuongezea. Utakuwa umemrudisha mshukiwa kwa mlango wa nyuma, na vitamini A ikizidi kwa miezi hukaza viungo na shingo. Figo na moyo viende pia. Mifupa ya sungura mbichi ni myembamba, inamtosha kalsiamu. Ikipikwa inakuwa vigingi, usiwahi kumpa. Kata kwa mapande makubwa kiasi cha kumlazimisha kutafuna; mbwa mwenye pupa akipewa kipande cha ukubwa wa yai anameza kizimakizima. Kinyesi kikiwa cheupe na kinasagika kama chaki, mfupa umezidi: kesho yake mpe mnofu mtupu.

Unapomchuna angalia mambo mawili. Ini likiwa na madoa meupe yaliyotuna, ni koksidia, vijidudu vya sungura. Mbwa haambukizwi nayo, lakini ini hilo litupe. Na kwenye utando wa tumbo, karibu na nyonga, ukiona vijimfuko vya maji safi kama punje za njegere vimeshikana kama kishada, hao ni watoto wa tegu. Sungura aliwapata kwa majani yaliyochafuliwa na kinyesi cha mbwa, na mbwa wako akivila vibichi anamalizia mzunguko. Ondoa utando wote, kisha nyama ilale kwenye friza kabla ya kutumika.

Jambo la mwisho. Usimpeleke sungura kwa bucha akusagie. Ile mashine imebana mafuta ya ng'ombe kwenye skrubu na kwenye sahani ya matundu, na kilo ya kwanza inayotoka huwa na ya mteja aliyetangulia. Gogo la bucha na panga lake vivyo hivyo. Mkatie nyumbani, kwa kisu na ubao wa kazi hiyo tu.

Mkaguzi wa Nyama

Mmesema vizuri kuhusu aleji, ila neno "mbichi" linapita kirahisi mno humu. Niliweke upande wangu.

Kugandisha na kuua vijidudu ni mambo mawili tofauti. Friza linaua minyoo ikiwa baridi inafika nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri na nyama inakaa siku kumi kamili. Haliui bakteria kama salmonela na wenzake; wanalala tu, ukiyeyusha wanaamka. Tena siku zinahesabiwa kuanzia moyo wa kipande ulipoganda, si kuanzia ulipofunga mlango. Mfuko wa kilo tano uliorundikwa katikati ya friza lililojaa unaweza kuchukua zaidi ya siku nzima kuganda ndani. Gawa kwenye mifuko ya siku moja moja, gramu 800 kila mmoja, ilaze iwe bapa, unene usizidi vidole vitatu, andika tarehe.

Umeme ukikatika je? Gandisha maji kwenye kikombe, juu ya barafu weka sarafu, kiache humo ndani. Ukirudi safari ukakuta sarafu imezama chini ya kikombe, friza liliyeyuka likaganda tena wakati hupo, na nyama hiyo haimfai hata mbwa. Friza lililojaa na kufungwa hushikilia kama siku mbili, la nusu siku moja. Hesabu ya siku kumi ikikatizwa inaanza upya.

Kuhusu mapupu na maini ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, nawaomba sana msiyatoe mabichi, hata kwa mbwa asiye na aleji. Kuna tegu mdogo wa milimita chache ambaye watoto wake hukaa kwenye mapafu na maini ya mifugo wakiwa mifuko yenye maji. Mbwa akiila, baada ya wiki sita hivi anaanza kutoa mayai kwenye kinyesi, na mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtoto wa nyumbani, mfuko unaota kwenye ini au pafu la mtoto, taratibu, miaka. Turkana na maeneo ya Wamasai wanaujua ugonjwa huo vizuri. Machinjioni mkaguzi hupasua maini na mapafu na kuyatupa yenye mifuko, lakini "mapupu ya mbwa" yanayouzwa pembeni mara nyingi ndiyo yale yaliyokataliwa au yasiyokaguliwa kabisa. Uliza yalikotoka, na chemsha dakika 40 tangu maji yaanze kutokota, yakiwa yamekatwa vipande.

Mbwa wa nyama mbichi apewe prazikwanteli, dawa ya tegu, kila wiki sita, si kila miezi mitatu kama wengi mnavyofanya; ndiyo maana ya zile wiki sita hapo juu. Kipimo ni miligramu 5 kwa kila kilo. Kilo 32 ni miligramu 160, yaani vidonge vitatu na robo vya miligramu 50. Tatu na nusu ni sawa. Kwa mbwa aliye kwenye jaribio chagua kidonge kisicho na ladha. Vile vya kutafuna vinavyonukia nyama vina kitu cha kuvinukisha, na kitu hicho huwezi kukijua.

Kuhusu nyamapori, kwa kuwa lazima kuna mtu atauliza: Tanzania kanuni za 2020 zimeruhusu bucha za nyamapori zenye leseni, na hapo unapewa risiti, itunze. Ila kwa aleji nyati ni ndugu wa ng'ombe, na swala na pofu wako ukoo huohuo mpana. Unalipa ghali kwa ajili ya mbuzi wa porini. Ndugu zetu wa Kenya hata msijaribu, uwindaji umefungwa tangu 1977 na kukutwa na nyama hiyo ni kesi.

Sungura wa Kiambu

Mkaguzi umenikumbusha: ngamia. Huku Nairobi nyama yake iko Eastleigh kila siku, na mbwa wengi hawajawahi kuionja. Mnofu tu, bila mapafu wala maini, kwa sababu hizo ulizotoa. Kwa Dar nadhani sungura ni rahisi zaidi.

Baba Simba (Tegeta)

Nashukuru sana wakuu, mmenifungua macho. Nina maswali matatu yamebaki. Nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili na bibi mwenye kisukari, je bado nimpe mbichi? Kama nikipika, mifupa haiwezekani, kalsiamu itatoka wapi? Na kuna askari wa getini anayekula naye usiku, huyo nimfanyeje?

Kwato na Manyoya

Kwa nyumba hiyo, pika. Sisemi hivyo kwa kuogopa nyama mbichi. Ni hesabu tu. Faida ya jaribio inatoka kwa sungura, na sungura aliyechemshwa anakupa jibu lilelile. Hatari ya mbichi inawaangukia mtoto na bibi, si mbwa. Mbwa anaweza kutembea na salmonela bila kuumwa hata siku moja, akamlamba mtoto usoni.

Namna ya kupika: sungura mzima achemshwe kwa maji machache mpaka mnofu uachie mfupa, dakika 50 hivi. Mifupa yote itupwe mahali asipofika, hesabu hata ile midogo ya mbavu. Supu usimwage, ina madini na mafuta, ichanganye na viazi. Hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu, hakuna kipande cha supu ya kuku. Nyama hupungua kama robo ya uzito ikipikwa, kwa hiyo pima ikiwa mbichi, na kumbuka mfupa umetoka: badala ya sungura wanne kwa wiki utahitaji watano.

Kalsiamu: tumia kalsiamu kaboneti ya duka la dawa za binadamu, ile isiyoongezwa vitamini D wala ladha. Kila kilo moja ya mnofu inataka gramu 5 za kaboneti. Kwa Simba ni gramu 4 hivi kwa siku. Vikiwa vidonge vinavyotoa miligramu 500 za kalsiamu, ni vitatu mpaka vinne, visagwe na kuchanganywa na chakula. Maganda ya mayai kwa kawaida ni mazuri, kijiko cha chai cha unga wake kina karibu gramu 2 za kalsiamu, lakini kwenye jaribio hapana, yana utando wenye protini ya yai. Unga wa mifupa wa duka la mifugo ni ng'ombe. Na chokaa ya kupaka ukuta, ambayo nimeona ikipendekezwa, inaunguza utumbo.

Mnofu bila kalsiamu kwa wiki moja hauna neno. Kwa miezi miwili unaanza kukopa kwenye mifupa yake, taya linalegea, anachechemea. Kwa mtoto wa mbwa inakuja haraka zaidi na vibaya zaidi, ndiyo maana chini ya mwaka mmoja haya yote yafanywe kwa mchanganyo wa daktari, si wetu humu.

Ukiamua siku moja kumrudisha kwenye mbichi, mtoto akikua, yeyusha rafu ya chini kabisa ya friji ndani ya bakuli lenye mfuniko, kamwe si juu ya sinki. Bakuli la chakula likae chini dakika 20 tu kisha liondolewe. Osha kwa sabuni kwanza mpaka mafuta yatoke, ndipo uweke maji ya jiki, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja, dakika kumi. Jiki juu ya mafuta ni kazi bure, mafuta yanawakinga bakteria.

Sasa askari. Hapa ndipo wiki nane zinapoharibika, na hakuna anayekwambia kwa kuwa hakuna anayeona kosa. Tonge moja la ugali lililochovywa mchuzi wa ng'ombe linatosha kurudisha muwasho, na wewe asubuhi utaandika kwenye daftari lako "sungura hafai". Usimkataze tu, mpe kitu cha kumpa. Kila jioni muachie kikopo cha vipande vya sungura vilivyokaushwa kwenye oveni au vya kiazi kitamu, umwambie hiki ndicho cha Simba, akikuomba mpe hiki. Mtoto naye: biskuti, maziwa yaliyomwagika, mandazi. Simba asiwepo chumbani wakati mtoto anakula. Kama kuna kuku uani, pumba zao na kinyesi chao anavila, weka wavu. Vidonge vya mafuta ya samaki vimefunikwa kwa jelatini, na mara nyingi jelatini hiyo ni ya ng'ombe au nguruwe. Acha mpaka jaribio liishe. Dawa ya meno ya mbwa yenye ladha ya kuku, acha.

Daftari lenyewe lisiwe refu. Kila Jumapili andika namba ya kujikuna toka 0 mpaka 10, mara za choo kwa siku, uzito, na hali ya masikio. Mpige picha nyayo mahali palepale, mwanga uleule. Kumbukumbu hudanganya, hasa ukiwa umelipia sungura thelathini.

Wiki ya nane ikifika na ametulia, bado hujathibitisha. Mrudishie chakula cha zamani, dona na mapupu ya kuchemsha, kwa makusudi. Wengi hawataki kufanya hivi, naelewa, lakini bila hatua hii hujui kama ni chakula au ni vumbi la kiangazi lililopungua. Mwenye aleji ya chakula kwa kawaida anaanza kujikuna ndani ya siku 14, wengine siku ya tatu au ya tano. Akianza, simamisha siku hiyohiyo, rudi kwa sungura mpaka atulie, halafu jaribu kimoja kimoja juu ya sungura: ng'ombe siku 14, pumzika, kuku siku 14, pumzika, mahindi siku 14. Yaandike yanayopita na yanayokataa. Mbwa wengi hukataa kimoja au viwili tu, na ukishavijua huna haja ya kununua sungura milele. Kama kuku atapita, bakuli lako la kudumu ni rahisi.

Usisahau kwamba sungura na kiazi ni chakula cha jaribio. Kwa mwaka mzima kitapungukiwa zinki, iodini, manganizi na vitamini E, na upungufu wa zinki huleta magamba kuzunguka macho na mdomo, unaofanana mno na aleji. Ukishajua nyama yake, peleka orodha kwa daktari akuongezee madini kwa vipimo.

Na kama wiki nane zimepita, hakuna aliyeiba tonge, masikio yametibiwa, viroboto hakuna, na bado anajikuna kama mwanzo? Basi ni vumbi, utitiri wa vumbi la ndani, chavua au ukungu. Hapo hakuna nyama itakayosaidia, ya sungura wala ya ngamia, mbichi wala mbivu, na fedha ya friza iende kwenye dawa ya kila siku ya muwasho na shampuu ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu vya ngozi) mara mbili kwa wiki, povu likae dakika kumi kabla ya kusuuza.

Baba Simba (Tegeta)

Nimeelewa. Sindano ya mwisho ilikuwa wiki mbili zilizopita, kwa hiyo naanza na masikio na kukwangua ngozi, chakula mwezi ujao. Mfugaji wa sungura nimempata Bunju, anasema watano kwa wiki anaweza, ila anawalisha pelleti za kuku. Kuna shida?

Sungura wa Kiambu

Kwa aleji ya Simba hakuna, protini ya chakula alichokula sungura husagwa na kuwa sungura. Shida ni ya sungura wenyewe: pelleti za kuku zina nyuzinyuzi chache mno, wanavimba matumbo na kuharisha, na baadhi zina dawa za koksidia ambazo zinamuua sungura. Atakupa watano wiki ya kwanza na wawili wiki ya nne. Mwombe awahamishie kwenye nyasi kavu na pelleti za sungura kuanzia sasa, polepole kwa siku kumi, na ulipie nusu mapema ili asiwauzie wengine.